Dada wa Barua

Katibu alipozikwa mwezi uliopita, mtu mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa na mwandiko mzuri. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, sisi wanawake tuko upande wetu kwenye mikeka, na mimi nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nilikiweka chini ili nisikie vizuri. Alisema kwamba kabla ya Uhuru marehemu alikuwa akiwaandikia wafadhili kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu na kwa herufi za Kizungu, na kwamba barua hizo ziliwalisha mayatima wa Kisauni, na wazee wa Mji wa Kale walikuwa wakitokwa na machozi wakizisoma. Watu wakaitikia kwamba Mungu amrehemu. Mpwa wangu aliyenipeleka alinigeukia, kwa sababu nilikuwa nimecheka. Katibu hakuweza kuandika alifu ikasimama wima. Mwandiko wake wa Kizungu nao ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino kisha akakimbizwa. Barua zile niliziandika mimi, zote, kwa mwaka mmoja, na mojawapo ilisema kwamba mimi nimekufa.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla jeneza halijainuliwa, waliuliza kama yupo aliyedhulumiwa na marehemu, basi amsamehe. Wakajibu wote kwa pamoja kwamba wamesamehe. Mimi nilifunga mdomo. Mtu mmoja akinyamaza katikati ya wengi hasikiki, na ndiyo maana naandika hapa, ili ijulikane kwamba nilinyamaza kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, na kwamba nilikuwa nimeisubiri siku hiyo zaidi ya miaka sitini. Nilikwenda mazikoni ili nihakikishe. Sikuwa na sababu nyingine.

Ya wazazi wangu sitayaeleza. Inatosha kwamba walikuwa wamefariki wote wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, na kwamba mwaka ule wa mwisho kabla bendera haijabadilishwa mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wangu Mbwana alikuwa na kumi, na Zuhura alikuwa na sita. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Kisauni kulikuwa na nyumba ya mayatima iliyoendeshwa na chama cha watu wa mji, karibu na njia ya kwenda Mishomoroni, nyumba ya chokaa yenye vyumba viwili vya watoto, jiko la makuti kwa nyuma, na ofisi ya Katibu mbele. Wadogo zangu walipokewa. Mimi sikupokewa, kwa kuwa yatima kwa sheria ni mpaka abaleghe, na mimi nilikuwa nimekwisha kubaleghe. Katibu alinieleza jambo hilo kwa upole, kama daktari anayemwambia mtu kwamba amepona. Akanipa kazi jikoni kwa Bi Mize, mpishi, malipo yake chakula cha mchana na ruhusa ya kuwaona wadogo zangu kila siku. Usiku nililala Junda, katika chumba cha uani kwa mjane mmoja niliyekuwa nikimfulia nguo.

Bi Mize alikuwa mwanamke mnene, mwenye ulimi, mtu wa Lamu aliyekaa Mombasa muda mrefu bila kukubali kwamba amehama. Hakujua kuandika. Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikimwandikia barua ya kwenda kwa dadake, na Katibu akapita kuchukua chai. Alisimama nyuma yangu. Nilikuwa nimejifunza khati, mwandiko wa Kiarabu, katika chuo cha Kurani, mwalimu wetu alikuwa mkali wa herufi kuliko wa kisomo, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu nilikiandika upesi kama ninavyosema. Akaniuliza kama naweza pia herufi za Kizungu. Nikaandika jina langu, Mwanaidi binti Hamisi. Akalitazama muda, akamwambia Bi Mize atafute mtu mwingine wa kukuna nazi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia ofisini. Ilikuwa na meza moja, kabati la bahasha, na viti viwili vya wageni vyenye mito. Ukutani kulikuwa na picha ya Sultani na picha ya Malkia, kimo kimoja, na ndani ya droo mlikuwa na picha ya mwanasiasa wa bara, ambayo Katibu aliitoa na kuitundika walipokuja makarani wa Changamwe, Wakristo waliokuwa wakichangia kila mwisho wa mwezi. Alisema kila mfadhili akiingia lazima amkute wake ukutani. Mambo kama hayo aliyasema bila aibu, tena kwa furaha, kama fundi anayemwonyesha mwanafunzi randa yake. Na wallahi alikuwa fundi. Hata leo nikiona watu wa mashirika wakitawanya karatasi zao za kuomba msaada, namwona yeye akitikisa kichwa. Alikuwa akitembea kutoka dirishani mpaka kabatini, mikono nyuma, akisema na mimi nikiandika, na kati ya sentensi moja na nyingine akinifundisha.

Alinifundisha kwamba mtu hatoi kwa ajili ya watoto ishirini, hutoa kwa ajili ya mmoja. Kwa hiyo kila mfadhili alipewa mtoto wake, kwa jina na umri. Alinifundisha kwamba ahsante tupu haifai, lazima umwambie mtu kitu chake kimefanya nini, viatu vimekwenda wapi, shuka imefunika nani. Wazungu waambie mtoto anapenda nini. Wazee wa mji waambie mtoto anawaombea dua kila baada ya sala. Wa bara waambie yuko darasa gani. Barua ya mzee wa mji imfikie Alhamisi, ili Ijumaa aende nayo msikitini moyoni. Na kila barua tatu, mbili ziwe za habari njema na moja ya habari mbaya, kwa sababu, alisema, mfadhili asiyesikia baya anadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Watoto walikuwa wazima. Walikuwa na njaa ya kawaida na upele wa kawaida, na mambo hayo hayajazi barua. Basi Rashidi akawa kiwete, kwa kalamu yangu. Fatuma akapofuka jicho moja. Mbwana, mdogo wangu, alipata kifua ambacho hakikupona mwaka mzima, na kule mjini kulikuwa na mama wa Kihindi aliyekuwa akimletea asali.

Nilikuwa nikicheka. Sitaki kujifanya mwema. Tulicheka mimi na Bi Mize jikoni, akiuliza leo nimemvunja nani mguu, na kama kuna nafasi nimwandikie yeye uziwi ili asimsikie Katibu. Chakula kilikuwa kimeongezeka. Siku za Ijumaa kulikuwa na nyama, na Zuhura alikuwa amenenepa mashavu. Nilijiambia kwamba hakuna anayeumia.

Kisha ikaja Jumamosi moja, wageni wakaja kutoka Nyali, bwana wa Kizungu na mkewe, pamoja na wazee wawili wa mji. Watoto walipangwa uwanjani kwa vimo. Nilikuwa nimepewa sinia la sharubati. Katibu alipita mbele ya watoto akimwuliza kila mmoja: una nani weye? Na kila mmoja aliangusha macho, akajibu kama alivyofundishwa: sina mtu ila Mungu na nyinyi. Mbwana alisema haraka haraka, amenuna, bila kunitazama. Zuhura alikuwa wa mwisho kwa sababu ya ufupi. Alinitazama mimi, hatua nne kutoka kwake, nimeshika sinia, kisha akaangusha macho vizuri kuliko wote, akasema, "Sina mtu ila Mungu na nyinyi." Yule mama wa Kizungu akauma mdomo. Baadaye Zuhura alinifuata jikoni mbio, akanivuta kanga. "Dada," akasema, "nimesema vizuri?"

Nikamwambia amesema vizuri. Kuanzia siku hiyo sikucheka tena ofisini, lakini niliendelea kuandika, na hilo nalo nalisema waziwazi. Wadogo zangu walikuwa wakila pale.

Mfadhili mkubwa kuliko wote alikuwa Mzee Twaha, mwenye duka la vitambaa Mji wa Kale, mtu wa ukoo wa zamani, mpole, asiyesoma herufi za Kizungu. Mtoto wake katika barua alikuwa Zuhura. Alituma mchele, alituma nguo za Idi, na mara mbili alivuka daraja la Nyali kwa gari lake kuja kumpapasa Zuhura kichwa, kwa sababu ya thawabu. Kisha akapunguza. Wakati ule wazee wote wa mji walikuwa na mambo mengine vichwani. Kila barazani palibishaniwa kama pwani itakwenda na Kenya au itabaki kwa Sultani, na mwenye mali hakujua ashike nini aachie nini. Katibu hakuyajali hayo. Alisema Mzee Twaha amezoea, na mtu aliyezoea lazima ashtuliwe. Alitembea mpaka dirishani, akageuka, akaanza kusema barua. Niliandika salamu zote, ndefu, kama wanavyopenda wazee. Niliandika kwamba Zuhura anamsalimu na anamwombea. Kisha akasema: na kwa masikitiko twakuarifu kwamba dadake mkubwa, aliyekuwa tegemeo lake la pekee, amefariki kwa homa, na sasa mtoto hana mtu kabisa.

Niliinua kalamu. Nikamwuliza dada gani.

"Dada wa barua," akasema. "Huyo si weye. Andika."

Nikaandika. Akaniambia nitie na jina, kwani jina lina uzito, mtu humlilia mwenye jina. Nikamwuliza jina gani, ingawa nilijua. Alikuwa akitazama nje, akisubiri. Nikaandika marehemu Mwanaidi binti Hamisi, kwa khati nzuri, nikapuliza wino ukauke. Wako watakaouliza kwa nini sikukataa. Wanaouliza hivyo hawajawahi kulisha watu wawili kwa mkono wa mtu wa tatu.

Jibu lilikuja baada ya siku sita, na kwa kuwa lilikuwa kwa herufi za Kiarabu, ilinibidi mimi nimsomee Katibu. Mzee Twaha aliandika kwamba msiba umemwingia. Alisema alikwisha kuota kwamba kuna mtu anamdai dua, na sasa amemjua ni nani. Alisema msichana aliyekufa akilea mayatima hawezi kuachwa hivi hivi bila kusomewa, na kwamba yeye atamwandalia hitima hapo hapo Kisauni, Ijumaa ya pili baada ya alasiri, kwa mchele wake na mbuzi wake. Sehemu iliyobaki nilikuwa nimekwisha kuiona kwa macho kabla sijaitamka, na nilifikiria kuiruka. Lakini niliisoma. Alisema kwamba kwa kuwa mtoto hana mtu tena, dadake aliyeko Unguja, mwanamke asiye na kizazi, yuko tayari kumchukua Zuhura amlee kama wake, na kwamba baada ya hitima atampandisha meli.

Katibu alikaa kwenye kiti cha wageni. Akaniambia niandike kwamba hitima haina haja, tumekwisha soma. Nikaandika. Jibu likaja kwamba mchele umekwisha nunuliwa na maalim amekwisha alikwa. Ndipo akaanza kunieleza, taratibu, kwamba mtoto atakwenda pema, nyumba ya ghorofa, mtumishi, madrasa. Nikamwambia Zuhura ana mtu. Akasema kwamba mfadhili akinyimwa hatoi tena, na kwamba nikifungua mdomo Mbwana na Zuhura watatoka siku ile ile na nguo walizovaa, nikawalishe hayo maneno yangu. Kesho yake Zuhura alipelekwa mjini, nyumbani kwa Mzee Twaha, akae na mke wake amzoee. Nilikuja kazini nikakuta kitanda chake kimetandikwa.

Ijumaa ile Katibu aliniambia nisije. Nilikuja. Nilipitia nyuma, nikamkuta Bi Mize na masufuria manne ya pilau, jasho linamtiririka, na wanawake wawili wa kumsaidia hawajafika. Akanitupia kisu na vitunguu saumu. Alisema amepika hitima nyingi Lamu na Mombasa, za masharifu na za watu ovyo, lakini hajapata kumwona maiti akimenya thomu.

"Nimekutilia nyama nyingi," akasema. "Usiseme sikukupenda."

Kisha akaacha kuchekesha. Akafuta mikono, akaniambia kwamba Zuhura amekuja na mke wa Mzee Twaha, yuko nyuma ya pazia pamoja na wanawake, amevaa gauni jipya, na sanduku lake liko ndani ya gari.

Nilibeba kahawa nikaingia kwa wanawake. Kulikuwa na wageni kama kumi na watano kutoka mjini, wenye mabuibui mazuri, na ubani ulikuwa umejaa chumba. Hakuna aliyenijua. Zuhura alikuwa mapajani mwa mke wa Mzee Twaha, amepakwa wanja, na wanawake walikuwa wakipokezana kumpapasa kichwa. Aliponiona alitaka kuinuka, kisha akakumbuka mafundisho, akaangusha macho. Mwanamke mmoja mzee alichukua kikombe kutoka sinia langu, akanishika mkono akaniuliza kama nilimjua marehemu. Nikamwambia nilimjua kidogo. Akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mjinga, bibi, lakini aliwapenda wadogo zake. Akalia yule mama, machozi ya kweli. Mpaka leo namkumbuka kwa wema, ndiye mtu pekee aliyewahi kunililia kabla ya wakati wake.

Upande wa pili wa pazia wanaume walikuwa wamegawana juzuu na wanamaliza. Sauti za kusoma zilishuka moja baada ya moja. Nilimsikia Katibu akiwakaribisha watu, akimwambia mtu kwa sauti ya chini kwamba marehemu alikuwa kama binti yake. Kisha maalim akakohoa, akaanza dua. Sikuwa nimepanga neno. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimepanga kumnyakua Zuhura wakati wa kula na kukimbia naye, mpango wa kitoto, nisingefika hata barabarani. Nilikuwa nimesimama karibu na pazia, sinia mkononi, nikimtazama mdogo wangu, na maalim akaomba thawabu za kisomo kile zimfikie marehemu Mwanaidi binti Hamisi.

"Abee," nikasema.

Kwetu msichana akiitwa na mkubwa huitika abee, na mama yangu alinifunza hivyo kwa mwiko. Kuitika kwa "ee" au kwa "nini" kulikuwa kosa, na kutoitika kabisa kulikuwa kosa kubwa zaidi. Niliitika kwa sauti kama ya mtu anayeitwa kutoka uani. Nadhani maalim alifikiri amesikia vibaya, maana alikohoa tena, akalirudia jina, polepole, jina langu na la baba yangu.

"Abee, maalim," nikasema. "Niko hapa."

Kikombe kimoja kilimwagika. Mwanaume mmoja akacheka, kisha akajizuia. Katibu akasema haraka kwamba msamehe, maalim, huyo ni msichana wa jikoni, akili zake si nzuri. Nikasikia watu wakiinuka, na sauti ya Mzee Twaha ikaja mpaka kwenye pazia, karibu kabisa, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia jina langu. Akaniuliza Zuhura ni nani wangu. Kabla sijajibu, Zuhura alikuwa amekwisha kutoka mapajani mwa mke wa Mzee Twaha na kunishika kanga, wala hakuangusha macho. Katibu akaendelea kusema kwamba wapo wasichana wengi wenye jina hilo, na kwamba mjini watu hujidai undugu wakiona mchele. Hapo nikaomba karatasi. Mtu akapitisha kipande chini ya pazia, pamoja na kalamu. Niliandika kwa khati maneno yale yale ya mwanzo wa barua zetu, salamu zote ndefu, nikaongeza kwamba dada wa Zuhura yu hai na ndiye aliyekuandikia kifo chake. Nikakirudisha.

Mzee Twaha alikisoma. "Mwandiko huu naujua," akasema. "Nina sanduku zima la mwandiko huu."

Maalim ndiye aliyetuokoa siku ile. Alisema kisomo kimekwisha someka na hakirudi, na akaniuliza kama baba na mama wako hai. Nikamwambia hapana. Basi akawataja wao, baba yangu na mama yangu, na watu wakaitikia amina, na pilau ikaliwa. Nilikula. Bi Mize aliniletea sahani yenye nyama nyingi kama alivyoahidi. Kabla ya magharibi nilitoka pale na wadogo zangu wote wawili, na sanduku la Zuhura, ambalo Mzee Twaha alikataa kulichukua, akasema nguo ni za mtoto.

Kama hadithi hii ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya watoto. Siku tatu baadaye Mzee Twaha alikuja Junda mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mjane uani. Alisema kamati itamwondoa Katibu kimya kimya, na mtu mwingine atawekwa, na akaniomba jambo moja, nisiwaandikie wafadhili wengine. Alijua kwamba nilikuwa na anwani zao zote kichwani, kwa kuwa bahasha zote nilikuwa nimeziandika mimi. "Watoto wanakula kwa barua zile, mwanangu," akasema. Nikamwambia inshallah. Aliridhika, akaondoka. Nilingoja gari lake liishe kusikika, nikamtuma Mbwana dukani akalete karatasi.

Niliandika majuma matatu. Mchana nilifua, alasiri niliandika, uani, juu ya ubao wa kupigia pasi. Ningeweza kuandika barua moja na kuinakili, lakini nilikuwa nimefundishwa na fundi. Mtu hatoi kwa ajili ya watoto ishirini, na wala hachukii kwa ajili ya ishirini. Kila mfadhili nilimwandikia habari za mtoto wake. Rashidi uliyempelekea chuma cha mguu anapanda minazi. Mbwana hajawahi kukohoa, asali yako ilikuwa tamu, tulikula mimi na mpishi. Kwa Wazungu nilitafuta mtu wa kunisahihishia Kiingereza. Kwa wazee nilihakikisha barua inafika Alhamisi. Chini ya kila moja niliandika jina la Katibu, na kwamba ndiye aliyesema na mimi ndiye niliyeandika. Sijapata raha kama ile maishani, na nimepata ndoa na wajukuu. Kila bahasha niliyoifunga niliiona ikimpiga Katibu usoni.

Na zilifanya kazi. Walikuja watu ofisini kwake wakiwa na barua mkononi. Makarani wa Changamwe walikata mchango wote siku ile ile. Yule mama wa Nyali alilia mbele ya watoto. Katibu aliondolewa, si kimya kimya. Lakini alikuwa na ulimi, na nchi ilikuwa ikibadilika, na ofisi mpya zilikuwa zinatafuta watu wenye ulimi. Kabla bendera haijapanda alikuwa amekwisha kupata meza nyingine, kubwa zaidi. Hakulala njaa hata siku moja. Nyumba ndiyo iliyofungwa. Mzee Twaha alijaribu kuibeba peke yake, ikamshinda, na mwezi wa Ramadhani Bi Mize alizima moto akarudi Lamu.

Nimeambiwa na watu wenye dini kwamba nilikosea, na mimi huwajibu kwamba ningepata karatasi tena ningeandika tena. Hilo ni kweli. Hili linalofuata pia ni kweli. Watoto walitawanywa kwa jamaa wa mbali na kwa watu wasio jamaa, na wengine walikuwa hawana hata hao. Wawili walikuja kwangu Junda, mmoja mmoja, nikawapokea, tukawa watano katika chumba kile na mjane akaanza kunung'unika. Wa tatu alikuwa Fatuma, wa miaka minane au tisa. Alikuja adhuhuri, peke yake, amebeba mkeka kichwani, macho yake yote mawili mazima. Nilimwambia pale mlangoni kwamba chumba kimejaa. Nilimwambia kwa sauti ngumu, ili nisibadili nia. Hakulia. Aliushusha mkeka, akauegemeza ukutani, akaketi kizingitini akakunja miguu kwa adabu.

"Basi niandikie barua, dada," akasema. "Lile jicho sema bovu. Mimi sijali."

Nilikuwa na karatasi, na wino ulikuwa umebaki. Niliketi karibu naye mpaka alasiri, nikiyapitia yale majina ya wafadhili, mtaa kwa mtaa, mji mzima na ng'ambo, na sikumpata hata mmoja ambaye angeuona mwandiko wangu akaifungua bahasha.